Mulongo: Kompyuta ikidai leseni kila asubuhi, chunguza kwanza "dawa" iliyowekewa

Jenereta inawashwa, mashini inafunguka, na kabla mwalimu hajatoa flashi yenye maulizo ya mtihani, maandishi yaleyale yanajitokeza pembeni ya kioo, chini upande wa kuume: "Activer Windows". Mwenye biurotiki anabofya, hayaondoki. Anafungua Word, na juu kabisa unatokea mstari mwekundu: "Échec de l'activation du produit". Mteja anauliza kama mashini imekufa. Haijakufa. Kuna jambo inasema, lakini katika biurotiki nyingi watu wamezoea kuinyamazisha kuliko kuisikiliza.

Mulongo iko kando ya mto Lualaba, wilayani Malemba-Nkulu, mbali na Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Mahali kama hapo kompyuta moja inaweza kubeba kazi ya mtaa mzima: orodha za wanafunzi, barua za kanisa, mahesabu ya wauza samaki, maombi ya kazi, karatasi za ndoa. Ikikwama, fundi hayuko kila mara, na intaneti hainunuliwi kwa mwezi bali kwa mega. Ndiyo maana ujumbe mdogo pembeni ya kioo si jambo la uzuri wa mashini tu. Ni jambo la franga, na mara nyingine ni jambo la usalama wa siri za wateja.

Tuanze na kinachotokea ndani. Mtu anaponunua Windows, hanunui programu yenyewe. Ananunua ruhusa ya kuitumia, yaani leseni. Tangu Windows XP, mwaka 2001, kampuni ya Microsoft inataka kila mashini ijitambulishe kwa seva zake: ina ufunguo gani (herufi na namba 25) na ina vifaa gani ndani. Mashini inapiga kama simu fupi kupitia intaneti, seva inajibu "sawa", na kazi inaendelea. Hiyo ndiyo mafundi wetu wanaita aktivasio. Seva isipojibu, au ikijibu "hapana", ndipo maandishi yanaanza kutokea.

Lakini "hapana" hiyo ina sababu nyingi, na iliyo rahisi kuliko zote ndiyo inayosahauliwa: saa. Kompyuta iliyozeeka ina betri ndogo ya duara kwenye bodi, aina ya CR2032, inayolinda saa wakati umeme umekatika. Betri hiyo ikifa, kila mara mashini ikizimwa tarehe inaweza kurudi nyuma miaka mingi. Seva za aktivasio hazikubali kuongea na mashini inayosema tuko mwaka 2015. Zinaona vyeti vya usalama havilingani na tarehe. Kodi inayotokea mara nyingi ni 0x80072F8F. Watu wamelipa fundi aweke Windows upya, na juma lililofuata ujumbe ukarudi, kumbe ilikuwa betri tu. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu yeyote, tazama saa na tarehe chini ya kioo.

Sababu ya pili inahusu mashini za okazio, zile zinazotoka Ulaya au Dubai na kupitia Lubumbashi kabla ya kupanda pikipiki au mtumbwi. Nyingi zilikuwa za makampuni makubwa. Kampuni kubwa haitii ufunguo mmoja mmoja kwa kila kompyuta; inaweka seva yake ya ndani, inayoitwa KMS, na mashini zote za biro zinapata ruhusa kutoka hapo. Ruhusa hiyo inadumu siku 180 tu, na mashini inajaribu kuirefusha kila baada ya siku 7. Mashini ikishauzwa na kufika Malemba-Nkulu bila kusafishwa, inaendelea kumtafuta tajiri wake wa zamani. Haimpati. Siku 180 zikiisha, maandishi yanatokea pamoja na kodi 0xC004F074, maana yake: seva ya KMS haipatikani.

Kujua kama mashini iko katika hali hiyo hakuhitaji fundi wala mega. Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, bofya jina hilo kwa upande wa kuume na uchague "Exécuter en tant qu'administrateur". Katika dirisha jeusi andika slmgr /dli na ugonge Entrée. Kijisanduku kitafunguka. Ukisoma ndani yake OEM_DM, leseni ni ya kiwanda, ilizaliwa na mashini. Ukisoma RETAIL, ni ya kununuliwa dukani au inayohesabiwa hivyo. Ukisoma VOLUME_KMSCLIENT na wewe si kampuni, basi moja kati ya mambo mawili: mashini ni ya biro ya watu wa mbali, au kuna mtu aliyeipa "dawa". Amri nyingine, slmgr /xpr, inasema kama ruhusa ni ya kudumu au inaisha tarehe fulani. Tarehe ikiwa ya miezi michache mbele, jibu unalo.

Hapa kuna jambo ambalo wenye mashini wengi hawajaambiwa. Tangu Windows 8, mwaka 2012, viwanda vingi vinaandika ufunguo wa Windows ndani ya bodi ya kompyuta, si kwenye karatasi iliyobandikwa chini. Hata diski ikifutwa, hata ikibadilishwa, ufunguo unabaki. Unaweza kuuona kwa kufungua PowerShell na kuandika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Herufi na namba 25 zikitokea, mashini yako ina leseni yake. Kama mstari ni mtupu, hakuna ufunguo ulioandikwa ndani ya bodi.

Kwa nini basi mashini yenye leseni inalia njaa ya leseni? Mara nyingi ni kwa sababu ya flashi ya fundi. Ana toleo moja tu, Windows "Professionnel", na analiweka kwenye kila mashini inayopita mkononi. Lakini laptopu ndogo za bei nafuu nyingi zilitoka kiwandani na toleo la "Famille". Ufunguo wa Famille haufungui Professionnel. Aktivasio inakataa, fundi anatia programu ya kuvunja kufuli, na mwenye mashini anaanza kuiba mali ambayo tayari ni yake. Dawa ya kweli ni kuweka tena toleo linalolingana na ufunguo wa bodi. Mashini ikipata intaneti kidogo, inajiamilisha yenyewe bila mtu kulipa hata franga moja. Kuna mpaka: kwa funguo za Windows 7 na 8, Microsoft ilitangaza tarehe 20 Septemba 2023 kwamba njia ya kuzitumia kupandia Windows 10 au 11 bure imefungwa. Mashini zilizopandishwa kabla ya hapo zilibaki na leseni yao.

Bodi nayo ikibadilishwa kwa sababu radi au jenereta mbaya imeichoma, leseni inaenda pamoja nayo. Kodi 0xC004F211 inasema hivyo: vifaa vimebadilika. Anayenunua bodi ya okazio anapaswa kuuliza kama ina ufunguo ndani, kama vile anavyouliza kama inachaji.

Sasa tufike kwenye dawa yenyewe. Mafundi wanaiita aktivateri. Majina yake yanajulikana kila mahali panapotengenezwa kompyuta, na yanapita kutoka flashi moja hadi nyingine. Kazi yake kwa kawaida ni kuigiza ile seva ya KMS ya kampuni kubwa: inajificha ndani ya mashini au inaielekeza kwenye seva ya mtu asiyejulikana, kisha inaidanganya Windows kwamba tajiri amejibu. Kwa kuwa ruhusa ni ya siku 180, lazima idanganye tena na tena. Hivyo inaacha kazi iliyopangwa inayoamka kila mara, na hapo ndipo yanapotokea yale madirisha meusi yanayofunguka nusu sekunde na kufungwa, na yale maunganisho ya intaneti ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kama ingeishia hapo, ungekuwa wizi wa kawaida. Lakini tazama inavyowekwa. Fundi anakuambia kwanza: zima antivirusi. Kisha programu inaomba haki zote za mkuu wa mashini. Unazima mlinzi, unafungua mlango, na unampa ufunguo mgeni ambaye hujui ametoka kwa nani. Mwezi wa Desemba 2021 wachunguzi wa kampuni ya Red Canary ya Marekani walieleza jinsi faili zilizojidai kuwa KMSPico, aktivateri maarufu, zilivyokuwa zinabeba Cryptbot, programu inayoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika navigeta na pesa za kidijitali. Mwezi wa Aprili 2023 Google ilikwenda mahakamani New York dhidi ya wasambazaji wa Cryptbot hiyohiyo na kusema kwamba katika mwaka mmoja tu iligusa kompyuta karibu 670,000.

Mtu wa Mulongo anaweza kusema: mimi sina pesa za kidijitali. Ni kweli. Lakini mashini ya biurotiki imefungua imeli za wateja wangapi? Mwanafunzi aliyejiandikisha chuoni, mwalimu aliyetuma hati zake, mfanyabiashara aliyetazama akaunti ya benki, wote waliandika neno la siri kwenye kibodi ileile, na navigeta ikauliza kama ilihifadhi, na mtu akabofya "ndiyo" ili aharakishe. Mwenye mashini anafikiri ameokoa bei ya leseni. Anayelipa ni mteja wake, na wala hatajua alilipia wapi.

Kuitoa dawa kunataka uvumilivu. Fungua "Sécurité Windows", kisha "Protection contre les virus et menaces", na utafute orodha ya "Exclusions". Aktivateri nyingi hujiandika hapo ili antivirusi izipite bila kuzitazama; futa kila jina usilolijua. Kisha fungua "Planificateur de tâches" na utazame kazi zilizopangwa: jina lenye KMS ndani yake, kama AutoKMS, halikutoka Microsoft. Baada ya hapo agiza uchunguzi wa nje ya mtandao, "Analyse hors ligne", ambao unazima mashini na kuichunguza kabla Windows haijaamka. Mwishowe rudi kwenye dirisha jeusi: slmgr /ckms inafuta jina la seva ya uongo, na slmgr /upk inaondoa ufunguo wa uongo. Maandishi ya "Activer Windows" yatarudi. Ni vema yarudi. Sasa angalau yanasema kweli.

Hata hivyo, mashini iliyokaa na aktivateri miaka miwili hakuna anayeweza kuapa kwamba ni safi. Njia ya uhakika ni kunakili maandishi na picha tu (bila programu yoyote), kufuta diski yote, na kuweka Windows upya kutoka faili ya Microsoft yenyewe. Maneno ya siri yabadilishwe kutoka simu au mashini nyingine, si kutoka ile iliyougua.

Kuna dawa ya namna nyingine inayosumbua hasa wachapishaji, wale wa kalenda, kadi za ndoa na mabango ya kanisa wanaotumia Photoshop au CorelDRAW. Badala ya kuigiza seva, fundi anaikata njia. Ndani ya Windows kuna faili ndogo inaitwa hosts, katika folda C:\Windows\System32\drivers\etc. Ni kama kitabu cha anwani: mashini inakisoma kwanza kabla ya kuuliza intaneti. Fundi anaandika humo kwamba seva za kampuni fulani ziko kwenye 127.0.0.1, namba ambayo maana yake ni "hapahapa nyumbani". Programu inapotaka kupiga simu kwa mwenye leseni, inajipigia yenyewe.

Inafanya kazi, mpaka siku ambayo mtu ananunua leseni ya kweli. Analipa, anaandika imeli yake, programu inasema haina intaneti, na intaneti ipo! Anamlaumu muuzaji, analaumu mtandao, anamaliza mega zake kujaribu tena. Mistari ya zamani imelala ndani ya hosts na hakuna anayeikumbuka. Faili hiyo inafunguliwa kwa "Bloc-notes" iliyoanzishwa kama mkuu wa mashini. Mistari inayoanza na alama # ni maelezo tu, haina madhara. Katika mashini mpya, mistari yote ni ya namna hiyo. Mstari usio na alama hiyo, wenye jina la seva ya kampuni ya programu, uliandikwa na mtu au na programu nyingine.

Kuhusu mega, wengi wanashuku aktivasio bure. Simu ya leseni ni fupi sana, inakula kidogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Kinachomaliza forfe wakati hakuna aliyefungua kitu ni mambo mengine: Windows Update, OneDrive inayopandisha picha, au ile programu iliyoingia pamoja na aktivateri. Fungua "Moniteur de ressources" (andika resmon kwenye sehemu ya kutafuta), nenda "Réseau", na utaona jina la kila programu inayoongea na intaneti kwa wakati huo na kiasi inachopeleka. Halafu kwa kila mtandao wa simu unaotumia, fungua "Propriétés" na uwashe "Connexion limitée". Windows itaacha kushusha masasisho mengi bila idhini. Usiyazuie milele, lakini. Siku ukiwa kwenye mji wenye mtandao wa bei nafuu, yaruhusu.

Na si kila anayedai leseni ana haki ya kudai. Kama ujumbe unatokea ndani ya navigeta au pembeni ya kioo ukisema antivirusi ambayo hujawahi kuweka imeisha muda, au ukitoa namba ya simu ya kupiga, huo ni mtego. Microsoft inasema wazi kwamba ujumbe wake wa makosa hauwi na namba ya simu. Kwa kawaida chanzo ni tovuti moja ya mpira au ya sinema ambayo mtu aliibofyea "Autoriser". Ingia kwenye mipangilio ya navigeta, sehemu ya "Notifications", na ufute ruhusa hiyo. Dakika mbili.

Inabaki bei. Windows 11 Famille, kwa bei ya Microsoft huko Marekani, ni dola 139. Kwa mwenye biurotiki anayelipwa kwa kila ukurasa, hiyo ni karatasi nyingi sana, na haisaidii kumhubiria kana kwamba dola hizo ziko mfukoni. Funguo za dola chache zinazouzwa kwenye mitandao nazo si suluhisho. Nyingine ni funguo za makampuni zinazouzwa rejareja bila haki, na Microsoft ikizifunga, muuzaji haonekani tena. Sheria nayo ipo: amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi za watunzi nchini Kongo, na Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 imeleta kanuni za makosa yanayofanywa kwa njia ya kompyuta.

Lakini kati ya dola 139 na aktivateri kuna njia ambazo hazitangazwi sana. Windows 10 au 11 isiyoamilishwa haifungi kazi: inakataa kubadilisha picha ya nyuma na rangi, inaacha maandishi yake pembeni, lakini bado inapokea masasisho ya usalama. Masharti ya Microsoft yanataka iamilishwe, hilo lisifichwe. Ila kwa usalama iko mbali na ile iliyodanganywa. Kwa Word na Excel, LibreOffice ni bure kabisa, haina leseni ya kununua, na inafungua faili za docx. Mpangilio wa jedwali unaweza kusogea kidogo, kwa hiyo hati ya mtihani itazamwe tena kabla ya kuchapwa. Programu mama ya hiyo, OpenOffice, iliwahi kutafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa mashini iliyochoka, Linux pia inatosha kuandika na kuchapa, ingawa anayeishi kwa CorelDRAW hataipata humo.

Kwa wanaotumia Windows 10, kuna ujumbe mpya uliowachanganya wengi, unaosema msaada umekwisha. Huo hauhusu leseni. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikaruhusu watu binafsi kujiandikisha kupata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Mashini haitazimika, ila matundu mapya hayatazibwa.

Faili ya kuwekea Windows ni kubwa, inapita giga 5 kwa Windows 11, na hakuna atakayeishusha kwa forfe ya simu akiwa kando ya Lualaba. Anayekwenda Lubumbashi au Kamina kwa biashara zake anaweza kupewa flashi tupu ya giga 8 na neno moja: faili itoke kwenye tovuti ya Microsoft, isitoke kwa rafiki. Na aandike juu ya flashi, kwa kalamu, ni toleo gani na lilishushwa tarehe ngapi.